Jumamosi Upanga: Siku ya Kumwandikisha Mtoto Mpira wa Kikapu

Kila likizo inapokaribia, swali moja huzuka katika kikundi chetu cha akina mama baada ya ibada: watoto watashinda wapi? Baba yuko kazini, mama yuko sokoni au zamu, na dada wa kazi ana shughuli zake. Nyumba nyingi za mjini hazina uwanja, na barabara ya mtaa imejaa bodaboda. Mtoto akibaki ndani, anashinda mbele ya televisheni. Akitoka nje, hujui yuko na nani.

Ndiyo maana niliposikia kwamba kuna ligi ndogo ya mpira wa kikapu ya watoto inayochezwa Jumamosi huko Upanga, Dar es Salaam, niliamua kumpeleka binti yangu wa mwisho. Ilikuwa Juni mwaka 2023, naye alikuwa na umri wa miaka 11. Tangu hapo akina mama wengi wameniuliza maswali matatu. Ni mahali pa namna gani? Wanadai nini? Na je, mtoto mwenye maradhi watampokea? Nitajaribu kuyajibu yote, lakini hilo la tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Njia ya kwenda

Sisi tunakaa Kimara. Asubuhi ile tulipanda basi la mwendokasi, lile lililoanza safari zake jijini mwaka 2016, tukateremka na Barabara ya Morogoro tukipita Ubungo, Manzese na Magomeni. Siku za kazi ndani ya basi lile huwezi hata kuinua mkono kujikuna. Jumamosi saa moja na nusu tulipata viti viwili. Binti aliukumbatia mpira wake kama mtu aliyebeba tikiti maji.

Baada ya Magomeni basi hushuka bonde la Jangwani. Mama anayetaka kumpeleka mtoto Upanga kutoka upande wetu inafaa alijue bonde hili. Hapa ndipo mto Msimbazi unapopita, na mvua kubwa zikinyesha maji hufunga barabara na mabasi husimama. Kwa hiyo jambo la kwanza nililowauliza wenye ligi lilikuwa hili: siku ya mafuriko mnafanyaje? Walinijibu kwamba michezo huahirishwa, na mtoto aliyekwisha kufika haachwi peke yake mpaka mzazi apatikane. Lilikuwa jibu zuri. Mahali pasipo na jibu la swali hilo, hata mimi ningesitasita.

Tulishuka kituo cha Fire, kilichopata jina kutokana na kikosi cha zimamoto kilichopo hapo, tukaifuata Barabara ya Umoja wa Mataifa kwa miguu. Njia hii naijua tangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi. Utapita shule za Jangwani na Azania, kisha utakutana na watu wenye vyakula vya wagonjwa katika vikapu na chupa za chai mkononi, wakielekea Hospitali ya Taifa Muhimbili. Upanga ina miti mingi kuliko mitaa yetu ya pembeni, na maghorofa ya zamani yenye roshani zilizoanikwa nguo. Wakazi wake ni mchanganyiko: Waafrika wa makabila yote, Watanzania wenye asili ya Asia, wafanyakazi wa hospitali, wanafunzi. Mchanganyiko huo huo utaukuta uwanjani.

Mahali penye historia ya mchezo

Ukitaja mpira wa kikapu Upanga, wengi watakwambia Don Bosco. Kituo hicho ni cha shirika la Wasalesiani, ambao walifika nchini mwaka 1980. Mwanzilishi wao, Padre Yohane Bosco, aliyefariki Turin, Italia, mwaka 1888, aliwakusanya vijana wa mitaani kwa sala, ufundi na michezo, akiviweka vyote katika ua mmoja. Uwanja wa Don Bosco ndio makao ya klabu ya Savio, na timu za watu wazima za jiji zimecheza hapo ligi zao kwa miaka mingi. Kwa wakazi wa Kariakoo na Ilala, kuna pia viwanja vya vijana vya JMK pale Kidongo Chekundu, vilivyofunguliwa mwaka 2015.

Ligi yetu ndogo ilikuwa na uwanja wake, wa kawaida kabisa. Sakafu ya saruji yenye ufa mmoja mrefu, mistari iliyopakwa upya kwa rangi nyeupe, magoli mawili, moja likiwa na wavu na jingine limebaki chuma kitupu. Pembeni kulikuwa na mwarobaini mkubwa, na chini yake mabenchi mawili ya wazazi. Mama mmoja aliuza mihogo ya kukaanga na juisi ya ukwaju getini. Watoto kama hamsini hivi walikuwa wakikimbia huku na huku, na milio ya mipira ikidunda ilikuwa kama mvua juu ya bati.

Akina mama wenzangu wa rika langu, msiuogope mchezo huu mkidhani ni mgeni. Wengi wetu tulicheza netiboli shuleni, na netiboli ni mtoto wa mpira wa kikapu. Mwaka 1891, katika mji wa Springfield, Marekani, mwalimu mmoja kutoka Kanada, James Naismith, alikuwa akifundisha katika chuo cha chama cha vijana wa Kikristo, YMCA. Kabla ya hapo alikuwa amesoma theolojia. Aliagizwa abuni mchezo wa ndani kwa ajili ya majira ya baridi, utakaowatuliza wanafunzi waliokuwa wamechoshwa na mazoezi ya viungo. Alitundika vikapu viwili vya kuwekea matunda kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka sakafuni, akawagawa wanafunzi wake 18 katika timu mbili za watu tisa, akaandika kanuni 13. Alitaka mchezo usio na kuumizana, ndiyo maana alikataza mtu kukimbia na mpira mikononi, na goli akaliweka juu ili mpira urushwe kwa ulaini badala ya kupigwa kwa nguvu.

Mwaka uliofuata, 1892, mwalimu wa kike, Senda Berenson, aliwafundisha wasichana mchezo huo katika chuo cha Smith, akiwa amebadili kanuni kadhaa. Ulipovuka bahari kwenda Uingereza, ukazaa netiboli tuliyoijua sisi, ambayo haina kudundisha mpira na ina wachezaji saba kila upande badala ya watano. Hata urefu wa goli ni ule ule, futi 10, yaani mita 3.05. Nilipomweleza binti yangu kwamba nilikuwa mfungaji wa timu ya shule, alinitazama kana kwamba nimemwambia niliwahi kuwa rubani.

Foleni ya mezani

Meza ya uandikishaji iliwekwa chini ya mwarobaini. Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ada ya msimu ilikuwa ndogo kuliko bei ya raba mpya, na kwa mzazi asiyeweza kuilipa yote kwa mara moja walikubali kidogo kidogo. Lakini fomu ile, ingawa fupi, ilidai kitu kigumu kuliko fedha. Ilidai ukweli wa aina tatu.

Ukweli wa kwanza ni umri. Waliomba nakala ya cheti cha kuzaliwa, kwa sababu watoto hugawanywa: walio chini ya miaka 10, chini ya 12 na chini ya 14. Mbele yangu alisimama baba na kijana wake aliyeandikwa kuwa na miaka 11, wakati sauti ilikwisha kumkatika na masharubu yalikuwa njiani. Cheti kilikuwa "kimesahaulika nyumbani". Mwandikishaji hakugombana naye. Alimrudishia fomu kwa adabu, akamwambia, "Mzee, ukikipata tutamwandika. Tuko hapa mpaka mwisho wa mwezi."

Wazazi wengine huona kupunguza umri ni werevu mdogo wa kumpa mtoto ushindi. Mimi nimefanya kazi chumba cha majeruhi. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na maungio, ambapo urefu wake huongezeka, na sehemu hizo zikivunjika vibaya mkono au mguu unaweza kukua ukiwa umepinda. Mtoto wa miaka 9 akigongana na kijana wa miaka 14, anayeumia si yule aliyedanganyiwa umri. Ni mwana wa mama mwingine.

Ukweli wa pili ni nani atamchukua mtoto. Fomu ilikuwa na nafasi ya namba mbili za simu, na majina ya watu wazima wasiozidi watatu wanaoruhusiwa kuondoka naye. Mtu asiyeandikwa haondoki na mtoto, hata akiitwa mjomba, hata akijulikana na uwanja mzima. Baadhi ya wazazi walinung'unika kwamba huo ni usumbufu. Mimi nilimshukuru aliyeufikiria.

Kisanduku cha maradhi

Ukweli wa tatu uliandikwa hivi: "Je, mtoto ana ugonjwa wowote ambao walimu wanapaswa kuufahamu?" Chini yake kulikuwa na mistari miwili mitupu.

Binti yangu ana pumu tangu akiwa na miaka minne. Nikaanza kuandika. Mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, ambaye kwa ruhusa yake naeleza habari hii, alichungulia akanigusa bega.

"Dada, mbona unaandika hayo? Watamrudisha huyo."

"Kwa nini wamrudishe?"

"Wangu walimrudisha. Si hapa, ni timu nyingine. Hawakuuliza hata swali, walisema hawataki kubeba mzigo wa mtu. Alilia siku mbili. Safari hii nimeandika hana."

Nikamtazama kijana wake. Alikuwa mwembamba, wa miaka 12 hivi, macho yake yana rangi ya manjano kidogo. Nilikuwa nimekwisha kujua kabla ya kuuliza.

"Ana nini, mdogo wangu?"

Aligeuka pembeni. "Sikoseli," alisema kwa sauti ya chini.

Wasomaji wengi wanaujua ugonjwa huo, selimundu kwa jina la kitabibu. Chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Tanzania ni mojawapo ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao duniani, na pale Muhimbili, hatua chache kutoka uwanja ule, kumekuwa na mpango maalumu wa utafiti na matibabu yake tangu mwaka 2004. Kinachoweza kuamsha maumivu ni pamoja na kukosa maji mwilini, baridi, uchovu uliopita kiasi na homa. Mambo matatu kati ya hayo yanaweza kumpata mtoto katika mechi moja.

Nilimwambia mama yule taratibu, bila kumkaripia, maana uchungu wake ulikuwa wa haki. "Mdogo wangu, siku akianguka pale katikati, kocha atadhani ni jua. Atamlaza kivulini amsubiri apate nafuu. Wewe utakuwa kazini. Nani atamwambia daktari wa zamu?"

Hakunijibu. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humwumbua. Methali hiyo tumeisema mno katika misiba, nasi tuliiacha isisemwe pale kwenye foleni, lakini nadhani wote wawili tuliisikia.

Zamu yangu ilifika. Kocha alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alisoma fomu mpaka kwenye mistari ile miwili, akainua macho akaniuliza maswali manne. Pumu yake huanzishwa na nini? Anatumia dawa gani? Mwisho alibanwa lini? Na dawa ya kuvuta ataibeba nani? Nikamjibu: vumbi na mafua, ana dawa ya kuzuia ya kila siku na ya kutuliza akibanwa, mwisho ni miezi mitano iliyopita, dawa iko katika mkoba wake. Akasema, "Isikae katika mkoba, mama. Mikoba tunaifungia chumbani. Itakaa mezani kwa mwandika pointi, imeandikwa jina." Kisha akamwandika.

Mama yule alikuwa amesikia yote. Alinyosha mkono mezani. "Mwanangu, nirudishie fomu yangu kidogo." Alilikata neno "hana" kwa mstari mmoja, akaandika neno jipya juu yake.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yalikwisha vizuri papo hapo. Haikuwa hivyo. Kocha alisoma, akamshukuru mama kwa kumwambia, halafu akasema, "Leo sitamwingiza uwanjani. Niletee barua ya kliniki yake inayosema afanye nini na asifanye nini." Kijana aliinama akaanza kukwaruza sakafu kwa ncha ya raba. Mama yake alinitazama mimi, hakumtazama kocha, na sina haja ya kueleza macho yale yalisema nini.

Kocha alizunguka meza akachuchumaa mbele ya kijana. "Unaweza kuhesabu kwa mbili mbili na kwa tatu tatu bila kukosea?" Kijana akatikisa kichwa kukubali. "Basi keti hapa. Mwandika pointi wangu wa leo hajafika." Akampa daftari na kalamu. Mwanzoni aliandika huku amenuna. Kufikia robo ya tatu alikuwa akimsahihisha mwamuzi.

Barua ilipatikana wiki ya tatu. Daktari wake alimruhusu mazoezi ya kiasi: anywe maji mara kwa mara, apumzike kila anapochoka bila kulazimishwa kuendelea, asikae na nguo mbichi, na asicheze siku ya mvua au akiwa na homa. Mechi kamili hakuruhusiwa. Akawa anacheza dakika chache, anatoka, anarudi mezani kwa daftari lake. Hakuwa nyota wa ligi, na mama yake bado huona uchungu anapowatazama wengine wakimaliza mchezo. Lakini watu wazima wote uwanjani pale wanajua wafanye nini akisema mgongo unamuuma.

Mama mpendwa, mahali palipomkataa mtoto yule bila swali hapakumfaa. Mahali ambapo pangempokea bila swali pangekuwa hatari zaidi. Fomu ya kweli inahitaji mtu wa kweli upande wa pili wa meza, na njia pekee ya kumjua ni kuandika kilichopo, kisha kutazama anafanya nini nacho.

Tazama kabla hujasaini

Kabla ya kutia sahihi nilizunguka uwanja kama ninavyozunguka wodi. Nawaorodhesheeni niliyoyatazama.

Maji. Je, yapo ya kunywa, au kila mtoto aje na chupa? Dar es Salaam kati ya Desemba na Februari joto hupita nyuzi 30 na hewa ni nzito. Mtoto anywe kabla hajasikia kiu, na mazoezi yafanyike asubuhi au jioni.

Choo. Kiwe karibu, kiwe na mlango unaofungika kwa ndani, na wasichana wawe na chao. Msichana wa miaka 12 asiye na mahali pa kujisitiri ataacha mchezo bila kukueleza sababu.

Goli na sakafu. Nguzo isimame imara, isiyumbe mtoto akiigusa. Kwa wadogo, uliza kama wana goli la chini, la mita 2.60, na mpira namba 5. Mpira namba 7 ni wa wanaume, namba 6 ni wa wanawake. Mtoto wa miaka 9 akirusha mpira wa wanaume atajizoeza kuurusha kwa kiuno na mgongo, kisha utauliza kwa nini anaumwa.

Watu wazima. Wawepo zaidi ya mmoja, na mmoja wao awe mwanamke kama kuna wasichana. Kocha asibaki na mtoto peke yake chumbani, asimchukue kwa gari lake bila wewe kujua, wala asimpe zawadi za siri. Mzazi aruhusiwe kukaa benchini siku yoyote. Ukiambiwa wazazi hawatakiwi, chukua mtoto wako uende nyumbani. Na mtoto ajue kwamba anaweza kupiga simu namba 116, huduma ya msaada kwa watoto nchini, bila malipo.

Mavazi. Wengine walivaa bukta, wengine suruali za michezo, na wasichana wa Kiislamu walivaa mikono mirefu na hijabu zilizobana vizuri. Hakuna aliyemnyanyasa mwenzake. Shirikisho la dunia la mchezo huu lenyewe liliruhusu vitambaa vya kichwa kuanzia Oktoba 2017. Raba za mitumba zinafaa, ila kagua soli: kama imekuwa laini kama sahani, mtoto atateleza.

Jumamosi za mechi

Tulirudi Upanga Jumamosi kumi. Niliona mambo ambayo mama yeyote mwenye macho angeyaona.

Niliona kwanza kwamba urefu si kila kitu. Akina mama hunena, "Wangu mfupi, hatafaa." Kweli, mtoto wa Dar es Salaam aliyetupatia heshima kubwa, Hasheem Thabeet, ana urefu wa mita 2.21, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, na timu ya Memphis, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Lakini katika ligi hiyo hiyo alicheza Muggsy Bogues, mwenye mita 1.60, kwa misimu 14. Katika timu ya binti yangu, aliyepitisha mpira vizuri kuliko wote alikuwa msichana ambaye kichwa chake kilinifika kifuani.

Niliona pia namna ya kutibu majeraha, na hapa naomba mnisikilize kama muuguzi. Mtoto akiteguka kifundo cha mguu, bibi mmoja mwema atatokea na maji ya moto au mafuta ya kuchulia. Msikubali siku hiyo. Kuchua na kukanda kwa moto siku mbili za mwanzo huongeza uvimbe. Mpumzishe, weka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20, rudia baada ya saa chache, funga bandeji isiyobana mno, inua mguu juu ya mto. Akishindwa kukanyaga hatua nne, au mfupa ukiuma unapoubonyeza, mpeleke kupigwa picha.

Na wenye pumu, mchezo haukatazwi kwao, ila pumu iwe imedhibitiwa kwanza. Mtoto aanze kwa kukimbia polepole ili kifua kizoee, na kama daktari amemwelekeza kuvuta dawa kabla ya mchezo, avute kama robo saa kabla. Kifaa cha kusaidia kuvuta kikikosekana, chupa safi ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako tundu la kuingia mdomo wa dawa, hufanya kazi hiyo. Watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu kwa watoto ikafaa. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, hapo hakuna mechi tena, ni hospitali. Na anayehitaji dawa ya kutuliza mara kwa mara arudi kliniki, tiba yake ya kila siku haitoshi.

Binti yangu alibanwa mara moja tu, Jumamosi ya sita, siku mafundi walipokuwa wakivunja ukuta wa jirani. Alinyosha mkono, akatoka. Mwandika pointi, kijana yule yule wa daftari, ndiye aliyempa dawa yake kutoka mezani kabla kocha hajageuka. Mimi nilikuwa benchini na mihogo mkononi, nikasimama nusu, nikaketi tena.

Kwa mama anayefikiria

Ukitaka kumwandikisha mtoto wako, nenda mara moja bila yeye, ukatazame. Kisha nenda naye, na umwache ajaribu siku moja kabla ya kulipa. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, na kama hana, anza safari ya RITA mapema. Beba kadi yake ya kliniki, chupa ya maji, fulana ya kubadilisha, na dawa zake zilizoandikwa jina. Mwulize yeye mwenyewe kama anataka. Wengine huja kwa sababu baba alitaka kuwa mchezaji zamani.

Ukifika kwenye mistari ile miwili, usimtazame mama aliye nyuma yako wala aliye mbele. Andika jina la ugonjwa kwa herufi zinazosomeka, andika jina la dawa, andika namba ya simu ambayo kweli utaipokea. Halafu kaa benchini, chini ya mwarobaini, ununue mihogo ya yule mama. Ni mizuri, ila pilipili yake iombe kidogo.